TUBADILI DISKI KABLA YA KUNUUA KOMPYUTA MPYA

Mjini Makongolosi, wilayani Chunya, mchimbaji mdogo hatupi ovyo mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha na kuoshwa kwa zebaki. Mchanga huo huitwa marudio, na jina hilo lina maana yake. Wachimbaji wanajua kwamba zebaki haikamati dhahabu yote. Kwa hiyo marudio hurundikwa, hupimwa, huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sianidi, na humo hutoka mali ambayo mpita njia angedhani ni vumbi tu. Hiyo ni hekima ya watu wa machimbo ya Lupa, ambao dhahabu imewalea tangu miaka ya 1920.

Tumeikumbuka hekima hiyo kwa sababu ya mambo mawili tuliyoyaona katika safari moja.

Mmoja wetu, akiwa Makongolosi hivi karibuni, alihitaji kuchapishiwa barua katika steshenari ndogo ya mjini. Mwenye duka aliwasha kompyuta yake ya mezani, na kabla mteja hajamaliza kueleza haja yake, mashine ilikuwa tayari kwa kazi. Alipopongezwa kwa kununua kompyuta mpya, alicheka. Kompyuta ilikuwa ile ile kuukuu aliyoinunua ya mtumba. Zamani alikuwa akiiwasha, akafagia duka, akapanga karatasi, akarudi na kuikuta bado haijawa tayari. Fundi wa jirani aliitoa diski ya zamani, akatia nyingine ya aina inayoitwa SSD, na kazi ikaisha hapo.

Siku chache baadaye, katika safari hiyo hiyo, alipita katika ofisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja kwa kuwa haiko peke yake katika hali hiyo. Wananchi walikuwa wamejipanga ukutani. Karani ameshika tama akingoja kompyuta ifungue jalada. Katika bohari iliyo nyuma ya ofisi, kompyuta nyingine zilikuwa zimerundikwa zikingoja kuorodheshwa kuwa mali chakavu, na maombi ya kununua mpya yalikuwa yamekwisha kupelekwa. Zilikuwa na ubovu gani? Jibu lilikuwa neno moja: "Nzito."

Gazeti hili linasema kwamba uzito huo ni dalili, na dalili haitoshi kumhukumia mgonjwa kifo. Katika kompyuta nyingi za mezani zilizonunuliwa miaka kumi iliyopita au zaidi, kinachoichelewesha mashine si ubongo wake, bali ni diski ngumu inayotunza kumbukumbu zake.

Diski ya aina ya zamani ni sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku mkono mwembamba ukienda huku na huku kutafuta maandishi yanayotakiwa. Kampuni ya IBM ndiyo iliyoanza kuiuza diski ya namna hiyo mwaka 1956. Ile ya kwanza ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimita 60 hivi, na iliweza kutunza herufi milioni 5 tu. Tangu wakati huo imepunguzwa umbo na kuongezewa nafasi mara nyingi sana, lakini mwendo wake umebaki ule ule: lazima sahani izunguke na mkono usogee.

Msomaji aliyepata kufanya kazi katika masijala ataelewa mara moja. Mfikirie karani mmoja anayetembea kutoka kabati hadi kabati kutafuta majalada. Akitakiwa kuleta jalada moja nene, analeta bila tabu. Akitakiwa kuleta karatasi mia moja, kila moja kutoka kabati lake, anachoka na watu wanangoja. Kompyuta inapowashwa huomba maelfu ya karatasi ndogo ndogo za namna hiyo. Diski ya kuzunguka hutumia kama sehemu moja ya mia ya sekunde kuifikia kila moja, kwa hiyo haiwezi kutimiza zaidi ya maombi mia moja au mia mbili kwa sekunde.

SSD haina sahani wala mkono. Kumbukumbu zake zimo katika vipande vidogo vya elektroniki vya aina iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba, miaka ya 1980. Hakuna kinachotembea, kwa hiyo hakuna kinachongojwa. Hata SSD ya kawaida, inayofungwa kwa waya ule ule wa diski ya zamani, hutimiza maelfu kwa maelfu ya maombi kwa sekunde. Aidha hutumia umeme kidogo, haipigi kelele, na haidhuriki upesi kwa mtikisiko wa gari au wa boti.

Msomaji wetu wa Wete au wa Mkokotoni huenda akauliza: ya Makongolosi yanatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Yanatuhusu sana. Mwananchi anayetoka Micheweni kwenda Chake Chake kufuata cheti hulipa nauli kama anavyolipa mchimbaji anayekwenda Chunya kufuata leseni. Kompyuta ikichelewa, shubaka likafungwa, wote wawili hulala njiani au hurudi kesho kwa nauli nyingine. Gharama hiyo haiandikwi katika kitabu chochote cha mhasibu, kwa sababu haitoki katika mfuko wa ofisi. Inatoka katika mfuko wa mkulima wa karafuu, mvuvi na mchimbaji.

Watu wa visiwani wanayo pia hekima yao inayolingana na ile ya marudio. Jahazi likianza kuvuja, nahodha haliachi ufukweni akaenda kuagiza jingine. Hulipandisha mchangani, hulitazama ubao kwa ubao, ubao uliooza ukabadilishwa, na nyufa zikatiwa kalafati. Nahodha asiyelikagua jahazi lake kabla ya kulitupa angechekwa na bandari nzima. Kwa nini basi ofisi ya umma isichekwe?

Historia ya kompyuta katika nchi yetu inatupa fundisho. Kompyuta ya kwanza ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya kuziingiza hesabu za Serikali katika mashine ilikwenda mrama, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wapo waliosema kwamba uamuzi ule ulituchelewesha, na hoja yao ina nguvu. Lakini tukumbuke pia kwamba ulitokana na uchungu wa kupoteza fedha za umma katika mashine ambazo hatukuzimudu. Leo tumekwenda upande wa pili: mashine tunazinunua kwa wingi, lakini bado wengi wetu hatujajifunza kuzimudu. Yule wa zamani aliiogopa kompyuta. Wa leo huitupa. Wote wawili hawakuifungua kutazama ndani.

Hatutaki kumdanganya mtu kwamba SSD ni dawa ya kila ugonjwa. Kompyuta yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, iliyo ndogo mno itaendelea kuhema hata ikitiwa diski mpya, ingawa RAM nayo aghalabu huongezeka kwa gharama ndogo. Mtandao ukiwa dhaifu, diski haitauponya. Zipo pia kompyuta za zamani sana ambazo hata waya wa diski za siku hizi hazina. Hizo zipumzishwe kwa heshima.

Liko na jambo la programu. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Ofisi inayobadili diski lazima iamue pia mashine hiyo itaendeshwa kwa programu gani. Kwa kazi za kuandika barua na kufungua tovuti, mifumo ya Linux isiyolipiwa inafaa, na huenda vizuri katika mashine kuukuu iliyotiwa SSD. Kuacha mashine zenye siri za wananchi zikiendeshwa na programu isiyolindwa ni sawa na kujenga ghala bila mlango.

SSD yenyewe ina aibu zake. Diski ya zamani inapokaribia kufa mara nyingi hutoa mlio, ikampa mwenyewe nafasi ya kuokoa mali yake. SSD huweza kufa ghafla pasipo kuaga, na kuyafufua yaliyokuwamo ni kazi ngumu. Haipendi kukatikiwa na umeme ikiwa katikati ya kuandika. Watu wa Unguja, waliokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu ya njia ya umeme kutoka bara, hawahitaji kuelezwa maana ya umeme kukatika. Kwa hiyo nakala ya akiba ni lazima, na kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dakika chache, yaani UPS, kisihesabiwe kuwa anasa.

Isitoshe, masoko yetu hayakosi vifaa vya bandia. Zipo diski zilizoandikwa juu kuwa na nafasi kubwa ajabu kwa bei ndogo ajabu, ambazo ndani yake hazina hata sehemu ya kumi ya nafasi hiyo. Zikijaa, huanza kuyala maandishi ya zamani kimya kimya. Afisa anayenunua kwa niaba ya umma asipokee diski bila kuipima.

Sasa tuseme linalotutia hofu kuliko yote. Diski inayotolewa katika kompyuta ya ofisi haitoki tupu. Ndani yake mna majina ya wananchi, namba za vitambulisho, mishahara, maradhi ya wagonjwa na mashauri ya watoto. Kufuta faili kwa kidole hakuziondoi. Mtu mwenye programu ya kawaida huweza kuzirudisha. Kompyuta zinapopigwa mnada na diski zake zikiwa ndani, kinachouzwa si bati na waya tu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hiyo haitakuwa na maana ikiwa taarifa tunazozilinda mezani tunazitoa kwa mnada kupitia mlango wa nyuma wa bohari.

Kwa hayo yote, gazeti hili linatoa rai kwa viongozi wa Serikali zetu zote mbili, na hasa kwa Mamlaka za Serikali Mtandao za bara na Zanzibar.

Kwanza, kompyuta yoyote ya mezani isiandikwe kuwa mali chakavu kwa sababu ya uzito mpaka fundi aandike kwa mkono wake kwamba ameikagua diski, RAM na feni, na kwamba kuitengeneza hakuna faida. Karatasi hiyo ya ukurasa mmoja iambatanishwe na kila ombi la kununua kompyuta mpya. Ikiwa mwongozo wa namna hiyo umelala katika kabati fulani, basi utolewe ukafanye kazi.

Pili, kazi hiyo wapewe mafundi wa papo hapo. Kubadili diski hakuhitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Kunahitaji bisibisi, nakala ya akiba iliyochukuliwa mapema, na uangalifu wa saa chache. Kijana aliyeifanya kazi hiyo katika kibanda cha Makongolosi yuko pia Mkoani, Njombe na Mafinga. Fedha atakayolipwa itabaki katika wilaya yake, na atakuwa karibu siku mashine itakapoleta matata tena.

Tatu, kila diski inayotolewa iandikwe katika daftari, itunzwe chini ya kufuli mpaka ithibitike kwamba mpya inafanya kazi, kisha ifutwe kikamilifu au itobolewe mbele ya shahidi. Isiuzwe wala isigawiwe ikiwa na yaliyomo.

Kwa wananchi wenye maduka, shule binafsi na vyama vya ushirika, hatuna amri ya kuwapa. Wengi wao wamekwisha tutangulia. Mwenye fedha yake hujifunza upesi kuliko mwenye fedha ya wengine. Ndiyo maana tuliikuta kompyuta kuukuu ikikimbia katika steshenari, na yenye umri kama wake ikiwa imelala boharini.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema mbachao ukichanika usishonwe. Viongozi wanaodai kila mwaka kwamba fungu halitoshi waanze kwa kufungua mlango wa bohari, wamwite fundi, na wampe bisibisi. Baadaye, ikiwa bado wanahitaji kompyuta mpya, waje kutuomba fedha, nasi tutawasikiliza.