Mwisho wa "Old Yeller" Usikatwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya picha ya "Old Yeller". Wako wenzetu, na wazazi pia, wasemao kuwa watoto wa Kidato cha Kwanza wasionyeshwe mwisho wake kwa kuwa unaliza. Mimi sikubaliani nao.

Fred Gipson alitoa kitabu chake mwaka 1956, na kampuni ya Walt Disney ikakifanya sinema mwaka 1957. Habari yenyewe ni ya Texas, Marekani, miaka ya 1860. Baba amesafiri kupeleka ng'ombe sokoni, na kijana Travis ameachiwa mama, mdogo wake Arliss, na shamba. Mbwa mgeni anatokea, anaiba nyama, anachukiwa, kisha anapendwa kwa ushujaa wake. Mwishowe anapigana na mbwa-mwitu mwenye kichaa, na Travis hana budi kumpiga risasi mbwa wake mwenyewe.

Katika kitabu mbwa anauawa mara baada ya pigano lile. Katika picha anafungiwa kwanza, watu wakitumaini. Nionavyo mimi, watengenezaji walifanya vema. Tunamwona mbwa yule yule mpole akiwangurumia watu wake, na Arliss nusura amfungulie mlango kwa mapenzi. Hapo mtoto anafahamu kwamba mapenzi peke yake hayazuii ugonjwa. Ikikatwa sehemu hiyo, hatajua kwa nini Travis alishika bunduki huku akilia.

Siku zile hapakuwa na chanjo; ile ya Louis Pasteur ilianza kutumika kwa watu mwaka 1885. Sisi tunayo, lakini kichaa cha mbwa kingalipo Tanzania. Dalili zikisha kuonekana, mgonjwa hufa karibu siku zote. Bali aliyeumwa akiosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, akaenda hospitali upesi akadungwa sindano zote, huokoka. Mtoto asiyejua haya huficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Basi naomba picha ionyeshwe yote, na mwalimu wa Baiolojia aseme maneno machache baadaye. Nanyi wazazi, wapelekeni mbwa wenu wachanjwe. Heri mtoto alie mbele ya sinema kuliko kuliliwa yeye.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne