Mbona tunapenda muvi mbovu hivi?

Wacha nikuulize: ni muvi gani unajua kabisa ni mbovu, lakini ikianza hutoki? Usione haya. Yangu ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, kutoka Wakaliga, mtaa wa mabanda jijini Kampala.

Damu ni ya rangi. Helikopta zinalipua mji kama gemu ya simu ya bei rahisi. Halafu, maze, inaisha bila kukuambia nani alimuua huyo Kapteni Alex!

Utasema tunaipenda kwa sababu ni kichekesho tu. Mimi nakataa. Kuna muvi mbovu ya mtu mvivu, na kuna ya mtu asiye na pesa. Isaac Nabwana aliihariri kwa kompyuta aliyojiundia mwenyewe, waigizaji wakiwa watu wa mtaani. Juu yake VJ Emmie anapiga domo mwanzo mwisho, vile DJ Afro hutufanyia hapa Kenya. Ile bidii unaiona, ndiyo maana hutoki.

Sasa tujiangalie. Msanii wa mtaani kwetu akipakia video yenye sauti mbaya, tunamrarua mpaka anaacha kazi. Ya Marekani ikiboeka, tunasema ni burudani tu.

Cheka, hakuna shida. Lakini itazame hadi mwisho, mtumie beshte yako, na huyo kijana akianza kuuza tiketi, lipa. Ya pili huenda ikawa afadhali.