Jezi Zipo, Uwanja Hatuna

Kila likizo ya Agosti inapokwisha, timu za Woodley, Jamhuri na Kibra hulalamikia mambo yale yale: refa kachelewa, jezi hazikutosha, mfadhili kaahidi kisha hashiki simu. Yanaudhi, lakini hayajawahi kuvunja msimu. Kinachovunja msimu ni kufika Jumamosi asubuhi na kukuta mahali pa kuchezea pamemwagwa kokoto. Uwanja wa Joseph Kang'ethe hapa Woodley, wenye jina la yule aliyekuwa rais wa Kikuyu Central Association, ulianza kujengwa upya na kaunti enzi za Gavana Mike Sonko, kazi ikakwama kwa miaka. Anayecheza mahali kwa mazoea tu hana karatasi ya kudai siku wala saa. Sisi tuliotoka magharibi ya nchi tukaweka makazi kando ya Ngong Road tumekuwa tukianzia mchango pasipofaa: tunanunua jezi kabla ya kupata haki ya kukanyaga nyasi.

Hata wakubwa wetu walianza hivyo. Abaluhya FC ya 1964, leo AFC Leopards, na Gor Mahia ya 1968 zilitokana na watu waliokuja mjini kutafuta kazi, wakazoea kusaidiana katika ugonjwa na msiba. Mashabiki walikuwepo tangu siku ya kwanza, na vikombe vikaja: Leopards walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984, na Gor Mahia wakaleta Kombe la Mandela mwaka 1987. Lakini hadi leo hakuna kati yao iliyo na uwanja wake. SportPesa, mdhamini wao, ilipojiondoa Agosti 2019, zote mbili ziliyumba. Kasarani na Nyayo vilipofungwa kukarabatiwa kabla ya CHAN ya Agosti 2025, zikawa wageni katika ligi yao wenyewe, leo Machakos, kesho Dandora. Ikiwa klabu zenye wafuasi nchi nzima zinaishi kwa kuazima, timu ya mtaa inatarajia nini?

Wapo watu wengine waliotawanyika duniani kama sisi, wakapanga mambo kwa njia tofauti. Waayalandi tunawajua kupitia Bradha Colm O'Connell, aliyefika Iten mwaka 1976 na baadaye akamnoa David Rudisha. Kwao kuna chama kiitwacho GAA, kilichoanzishwa mjini Thurles mwaka 1884 kulinda michezo ya jadi: hurling, inayochezwa kwa magongo, na kandanda yao ambayo mpira hushikwa kwa mikono. Klabu hufuata parokia. Mchezaji halipwi mshahara hata akicheza fainali mbele ya watu 82,000 katika uwanja wa Croke Park. Na Croke Park chama kilinunua mwaka 1913, kikiwa na umri wa miaka 29, nchi ikiwa bado chini ya Uingereza. Hawakungoja utajiri. Walitanguliza ardhi, mengine yakafuata.

Atasema mtu kwamba ekari moja karibu na Adams Arcade ina bei ambayo harambee kumi hazifikii. Kweli kabisa, na wala hatusemi tununue. Waayalandi wa New York walinunua kiwanja huko Bronx mwaka 1926, kinachojulikana leo kama Gaelic Park. Hali ngumu ya miaka ya 1930 ikakifilisi chama chao, ardhi ikaenda kwa Jiji. Michezo haikufa, kwa kuwa mwaka 1941 mwenzao mmoja alikikodi kiwanja kile kile, na hata mkataba ulipopita kwa chuo kimoja mwaka 1991, magongo yaliendelea kugongana pale. Hati miliki iliwaponyoka; mkataba wa kukodi ukawabakiza uwanjani. Mkataba kama huo, wa miaka kadhaa, wenye siku na saa zilizoandikwa, ndio tunaoutaka Woodley.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Uwanja wa umma ni wa wote. Jumuiya ya watu wa upande mmoja wa nchi ikiushika, Mnubi wa Kibra na Mkamba wa Jamhuri watacheza wapi? Swali hili si la kupuuzwa. Serikali ilikwisha kuzilazimisha klabu ziache majina ya kikabila, ndipo Abaluhya ikaja kuitwa All Footballers Confederation mwaka 1980. GAA nao walikuwa na kanuni ya kumfukuza mwanachama aliyecheza, au hata kwenda kutazama, michezo waliyoiita ya kigeni. Waliifuta mwaka 1971, na mwaka 2005 wakakubali Croke Park ipokee soka na raga. Chama hakikuvunjika. Kwa maoni yetu, basi, mkataba uombwe na timu zote za mtaa kwa pamoja, jumuiya yetu ikiwa mchangiaji mmoja tu kati ya wengi. Anayetaka uwanja wa kabila lake peke yake asitutegemee.

Kuna pia wanaosema kijana wa Kibra hawezi kucheza bure kama mwalimu wa kijijini Ayalandi. Hawezi, na asilazimishwe. Ila posho haimfai kitu siku ambayo mechi imekosa pa kuchezewa.

Wadi yetu, kwa jina rasmi, ni Woodley/Kenyatta Golf Course: gofu imo katika jina lenyewe, mpira wa watoto haumo hata katika ratiba. Wa kulirekebisha hilo ni sisi, na sheria imetuonyesha pa kuanzia. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka klabu isajiliwe na Msajili wa Michezo, na kikundi cha WhatsApp hakiwezi kutia sahihi mkataba na kaunti wala na bodi ya shule ya jirani. Tunawaomba wanachama mambo mawili kabla ya mashindano ya Disemba. Fedha za jezi za mwaka huu ziende kwenye usajili na kwa wakili wa kuandika mkataba. Na kila timu ilete jina la mtu mmoja wa kuingia kamati ya pamoja. Jezi za mwaka jana bado zinavalika.