Akiba Inayoweza Kudhuru

Mataifa ya Ulaya yanajadili kwa bidii namna ya kulinda maadili yao katika zama hizi za kompyuta na intaneti. Maadili yenyewe ni utu wa mtu, uhuru wake na haki yake ya kuwa na siri. Wengi hudai kwamba dawa ni moja: taarifa za watu wa Ulaya zihifadhiwe Ulaya. Dai hilo lina msingi. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha mapatano ya kupeleka taarifa Marekani, kwa kuwa sheria za huko hazikutoa kinga ya kutosha dhidi ya upelelezi wa serikali. Hata hivyo, historia ya Ulaya yenyewe yaonyesha kwamba kinga ya mipaka haitoshi.

Tuchukue mfano wa Uholanzi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, nchi hiyo ilikuwa na daftari la wakazi lenye utaratibu bora. Kila mkazi alikuwa na kadi, na dini yake iliandikwa humo. Wajerumani walipoivamia nchi mwezi Mei 1940, walizikuta kadi hizo tayari, zikawasaidia kuwatafuta Wayahudi. Takribani robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi waliuawa. Tarehe 27 Machi 1943 wapinzani wa utawala huo waliichoma ofisi ya daftari mjini Amsterdam, lakini ni sehemu tu ya kadi iliyoteketea. Kumi na wawili kati yao walipigwa risasi mwezi Julai. Kadi zile hazikuvuka mpaka wowote. Zilikuwa kabatini, nyumbani. Kilichobadilika ni mkono ulioshika ufunguo.

Basi kinga ya kwanza ni kutokusanya kisichohitajika. Jimbo la Hesse, Ujerumani Magharibi, lilitunga sheria ya kwanza duniani ya kulinda taarifa mwaka 1970. Mwaka 1983 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, katika kesi ya sensa, iliamua kwamba kila mtu ana haki ya kuamua juu ya matumizi ya habari zake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, huagiza taarifa zikusanywe kwa lengo lililotajwa, ziwe za kiasi kinachohitajika, wala zisiwekwe kupita haja. Kampuni inayoikiuka yaweza kutozwa hadi asilimia 4 ya mapato yake ya mwaka duniani kote.

Wako wanaolalamika kwamba masharti hayo yanaikwaza sayansi. Lakini mtafiti wa malaria huhitaji umri wa mgonjwa, mahali aishipo na matokeo ya damu yake. Ni mara chache ahitaji jina lake.

Kenya ilitunga sheria yenye misingi kama hiyo mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Kwa nafaka ni kweli. Kwa taarifa za watu, akiba isiyo na kazi humngoja mtu asiyejulikana. Kila shule inayoandaa fomu ya usajili yafaa ijiulize, mstari kwa mstari: habari hii ni ya kazi gani?