Barua za Serikali Zisiishie Kwenye Taka
Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Serikali Mtandao, Dodoma

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: BARUA PEPE ZA TAASISI ZA UMMA KUISHIA KWENYE FOLDA YA SPAMU

Kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti. Nakuandikia kwa ujuzi wa kazi hiyo, na pia kama mwananchi ninayetegemea mifumo ya Serikali kama wenzangu wote.

Siku hizi mwombaji wa kazi, mzabuni na mtu anayetafuta leseni wote huanzia kwenye tovuti. Anajaza fomu, anaambatisha vyeti, anabofya "Wasilisha", kisha anasoma: "Tumekutumia barua pepe. Usipoiona, angalia folda ya spamu." Ninaomba sentensi hiyo ya mwisho iondoke kwenye mifumo ya umma, na kinachoisababisha kirekebishwe.

Binti wa jirani yangu aliomba kazi katika taasisi moja ya umma. Wito wa usaili ulitumwa kwa barua pepe, naye akauona wakati usaili umeshapita. Kila jioni alikuwa akifungua barua pepe kwenye simu, lakini folda ya spamu hakuwa na sababu ya kuigusa. Alipopiga simu kuuliza, alijibiwa kwamba mfumo unaonyesha ujumbe umetumwa, hivyo taasisi imeshatimiza wajibu wake.

Tuliufungua ujumbe ule kwenye kompyuta, tukaenda sehemu ya Gmail inayoonyesha ujumbe ulivyokuwa ulipopokelewa, pamoja na maelezo yake yote ya kiufundi. Anwani ya mtumaji iliishia na go.tz. Kwenye mstari wa SPF, mojawapo ya kinga tatu nitakazozieleza hapa chini, paliandikwa FAIL, yaani umeshindwa. Mistari ya DKIM na DMARC haikuwepo kabisa. Seva iliyoutuma haikuwa ile ya barua pepe za taasisi. Ujumbe ulitoka moja kwa moja kwenye seva ya tovuti, ambayo taasisi haikuwahi kuitaja popote kuwa inaruhusiwa kutuma kwa jina lake. Gmail ilipokea barua yenye jina la Serikali bila uthibitisho wowote, ikaitilia shaka. Kwa kweli ilitenda sawasawa.

Chanzo cha tatizo hili ni cha zamani. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe uliandikwa mwaka 1982, na haukuwa na njia ya kuhakiki kama mtumaji ndiye anayejitaja. Seva yoyote ingeweza kuandika jina lolote. Ndipo baadaye zikaongezwa kinga tatu. SPF ni rekodi kwenye DNS, yaani daftari la wazi la majina ya mtandaoni, inayoorodhesha seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa fulani. DKIM ni saini ya kidijiti inayowekwa kwenye kila ujumbe, na inafanya kazi ya muhuri kwenye barua ya ofisi: anayepokea anaweza kuhakiki kwamba umetoka kwa mwenyewe na haukuchezewa njiani. DMARC inahakikisha kwamba kikoa kilichothibitishwa na mojawapo ya kinga hizo mbili kinalingana na jina analoliona msomaji, inamwelekeza mpokeaji afanye nini ujumbe ukishindwa, na inamletea mwenye kikoa ripoti za nani anatuma kwa jina lake.

Zamani kukosa kinga hizi kulivumiliwa. Kuanzia Februari 2024, Gmail na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi awe na zote tatu. Kwa Gmail, kutuma kwa wingi ni kuanzia takriban barua 5,000 kwa siku. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa anwani zake za Outlook na Hotmail. Mfumo wa umma unaotangaza nafasi za kazi au kupokea maombi ya nchi nzima unaweza kufikia idadi hiyo kabla ya saa sita mchana.

Hasara iko pande zote mbili. Tovuti nyingi zina fomu ya "Wasiliana nasi", na nyingine zimetengenezwa hivi: mwananchi akiandika anwani yake, tovuti inamtumia ofisa ujumbe ikijifanya umetoka kwenye anwani hiyo. Tangu Aprili 2014, Yahoo imeziagiza seva za wapokeaji zikatae ujumbe unaodai kutoka yahoo.com bila kuthibitishwa. Kwa hiyo malalamiko ya mwananchi mwenye anwani ya Yahoo yanaweza kukataliwa na seva ya taasisi yenyewe, huku yeye akiwa ameshasoma kwenye skrini: "Asante, ujumbe wako umepokelewa." Anasubiri jibu la barua ambayo ofisa hakuiona. Dawa yake ni ndogo: mtumaji awe anwani ya taasisi, na anwani ya mwananchi iwekwe kwenye sehemu ya kujibia.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni usalama. Kichujio cha spamu ndicho ulinzi wa kwanza wa mwananchi dhidi ya matapeli wanaojiita taasisi za Serikali, wanaotangaza ajira za uongo na kudai ada. Tunapomwambia akaitoe barua yetu kwenye spamu, tunamfundisha kuamini kile ambacho ulinzi wake umekitilia shaka. Kesho atakuta humo humo barua ya tapeli yenye jina lile lile la taasisi, nayo pia haina uthibitisho. Atazitofautisha kwa kigezo gani? Hata ofisa wa TEHAMA asingeweza kwa kuangalia kwa macho.

Wengine wameshalisimamia jambo hili kwa amri. Uingereza ilianza kuzitaka huduma za gov.uk ziwe na DMARC mwaka 2016. Oktoba 2017, Marekani ilizipa taasisi zake za kiraia mwaka mmoja kufikia kiwango cha juu kabisa, ambapo ujumbe usiothibitishwa hukataliwa. Teknolojia hizi hazina ada ya leseni. Zinahitaji mtu anayejua, muda wa kuzisimika, na mamlaka ya kuwaambia wote wafanye.

Mamlaka hayo mnayo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imewapa jukumu la kuratibu na kusimamia Serikali Mtandao na kuhakikisha viwango vinafuatwa. Kwa msingi huo naomba mambo matano.

Kwanza, kila taasisi iorodheshe kila kinachotuma barua kwa jina lake: barua pepe za watumishi, tovuti, mfumo wa maombi, mfumo wa malipo, na kampuni yoyote ya nje. Hapa ndipo panaposahaulika zaidi, na palipomkosesha binti yule usaili.

Pili, tovuti na mifumo isitume barua yenyewe kutoka kwenye seva yake. Ipitishe kwenye seva rasmi ya barua pepe, kwa akaunti yenye nywila, ili kila ujumbe upate saini.

Tatu, DMARC isimikwe kwa hatua. Ianze kwenye kiwango cha kutazama tu, ripoti zisomwe, wanaotuma kihalali warekebishwe, kisha ipande hadi kukataa. Kurukia kukataa siku ya kwanza kutazizuia barua halali.

Nne, mfumo wowote usizinduliwe kabla ya kujaribiwa kwa anwani za Gmail, Yahoo na Outlook, na taarifa za barua zilizokataliwa ziende kwenye sanduku linalosomwa na mtu mwenye wajibu wa kuzifuatilia.

Tano, wito wa usaili, tarehe ya mwisho au uamuzi unaogusa haki ya mtu usitegemee barua pepe peke yake. Uonekane pia kwenye akaunti yake ndani ya mfumo, na utumwe kwa SMS. Aliyenyimwa nafasi kwa sababu barua ya taasisi ilishindwa uthibitisho apewe nafasi nyingine, kwa maana kosa si lake.

Rekodi za SPF na DMARC ziko wazi kwenye DNS, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzisoma. Kwa hiyo utekelezaji unaweza kupimwa bila kusubiri taarifa ya mtu. Ninaomba Mamlaka itangaze tarehe ya mwisho kwa vikoa vyote vya go.tz, na kila robo mwaka ichapishe orodha ya taasisi zilizokamilisha na zilizobaki. Sisi tunaofanya kazi hii tuko tayari kusaidia pale tutakapoitwa, na tarehe hiyo ikifika tutazisoma rekodi wenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtengeneza tovuti,
Morogoro