Daftari la Wiki: Maua Chini ya Kofia Ngumu

Kijiweni
Jua la Dar likipamba moto na malori ya mchanga yakaanza kupita, madereva wa bodaboda hujifunga usoni chochote kilicho karibu: fulana ya kampeni, taulo, hata mkono wa sweta kuukuu. Kijiwe cha mtaani kwetu kina mmoja aliyeshonewa kitambaa chake, kanga nyekundu yenye maua ya njano, kimeshuka mpaka kifuani. "Mwenye maua hajarudi?" mama mmoja aliuliza, na alipoambiwa yuko njiani akatafuta kivuli akasubiri. Uso wa kijana hajawahi kuuona vizuri, lakini anamjua. Ndicho kilichonishughulisha wiki hii: kitambaa humficha mtu, pambo humtambulisha. Usiku, dereva aliyejifunga kitambaa cheusi hadi machoni hukufanya uulizie bajaji.

Mezani kwa fundi
Kanga mpya hufuliwa kabla ya kuguswa na mkasi, wanga utoke na kitambaa kimalize kusinyaa. Vipimo ni viwili tu: mfupa wa pua hadi chini ya kidevu, na sikio hadi sikio. Vipande viwili huunganishwa katikati kwa mshono uliopinda kufuata pua, kisha ndani huwekwa bitana ya pamba, kwa sababu poliesta hainywi jasho.

Fundi hataki kusikia habari za vitanzi vya masikioni. Kofia ngumu huvikandamiza mpaka masikio yaume, na ukiivua inaondoka na kitambaa. Yeye hushona kamba mbili nyuma ya shingo, fupi, na ncha zake huchomekwa ndani ya kola. Ufupi huo ni usalama: kitu kinachopepea karibu na tairi na mnyororo hakichelewi kunaswa. Akina mama wanaopanda na madera wanalijua hilo.

Pambo likae wapi
Shanga mashavuni ni mateso, kwa kuwa kofia ngumu huzigandamiza kwenye ngozi. Zishuke kifuani. Darizi nayo ina masharti. Wanaotarizi kofia za viua za Lamu na Unguja huacha vitundu makusudi ili kichwa kipate hewa. Usoni, kila tundu la sindano ni njia ya vumbi. Kwa hiyo tarizi kitambaa cha nje peke yake, halafu ndipo ushonee bitana iliyo nzima.

Kwa kanga, swali kubwa ni jina, yaani methali iliyochapwa. Ukikata ovyo, methali hubaki nusu. Kijana wetu ameliweka lote kifuani: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Namsifu kwa ujasiri, maana nimewahi kupanda pikipiki yake.

Wenzetu wa Vietnam
Katika Ho Chi Minh City, barakoa za kitambaa za wapanda pikipiki zilikuwa jambo la kawaida miaka mingi kabla ya Uviko. Wanawake huvaa za maua, mistari na madoa, nyingine pana za kufunika hadi shingo, pamoja na jaketi jepesi la kuzuia jua. Kofia ngumu zilipolazimishwa nchini humo Desemba 2007, barakoa zilibaki mahali pake chini ya kofia.

Kutoka Catalonia
Lile bomba la kitambaa linalovaliwa shingoni na kuvutwa hadi puani, linalouzwa leo duniani kwa jina la Buff, lilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Joan Rojas wa Igualada, Catalonia, nchini Hispania. Alikuwa mpenda pikipiki aliyetaka kujikinga na jua na upepo. Sishangai kwamba wazo hilo lilimjia mtu aliyekalia pikipiki.

Kisichowezekana
Tusikipe kitambaa sifa isiyo yake. Vumbi la barabara hukwama humo. Chembe laini za moshi wa magari hupenya. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa za kitambaa ziwe na tabaka tatu, lakini lilikuwa likizungumzia virusi. Dereva anayepumua kwa nguvu juani atazivua tatu hizo kabla ya taa za kwanza, mbili zinamtosha. Na akiona kioo cha kofia kinaingia ukungu, ajue pumzi yake inapanda juu. Waya mwembamba uliofichwa kwenye upindo wa puani, ukaminywa ufuate umbo la pua, huielekeza chini. Njombe, kwenye baridi ya Juni na Julai, waya huo una kazi kuliko maua yote.

Pendekezo
Kila kijiwe kichague kanga yake. Abiria atajua dereva ametoka wapi, na mgeni atakayejipenyeza kuteka wateja ataonekana kwa mbali. Gharama si kubwa, kwani kanga huuzwa doti, na doti moja inawatosha vijana kadhaa.

Kwa wanaouliza
Msomaji mmoja ananiambia mwanamume havai maua usoni. Vazi la kazi halina jinsia, ndugu yangu; lina kazi. Ukitaka kuwacheka vijana, wacheke. Ila lori la mchanga likipita, kumbuka kufumba mdomo.