Msumeno wa Wakfu

Ndugu zetu wasomaji, wengi wetu tukisikia neno wakfu hufikiria kiwanja, nyumba ya kupangisha, au misahafu iliyopangwa rafuni. Juma hili tunazungumzia wakfu wenye harufu ya petroli. Ni msumeno wa mnyororo, ule ambao wapasuaji mbao huuita chensoo, uliokaa katika stoo ya msikiti wetu hapa Kahama kwa miaka minne ukiwa umenoki. Habari yake ina funzo kwa kamati za misikiti, na ina funzo pia kwa kila nyumba ambamo baba ameacha zana zake za kazi uvunguni mwa kitanda.

Msumeno huo uliachwa na mzee mmoja aliyekuwa mpasuaji mbao. Katika ujana wake alikata matimba, yaani magogo ya kuegemezea kuta za maduara ya wachimbaji wa dhahabu, tangu pande za Bulyanhulu hadi Nyarugusu kule Geita. Alipohisi nguvu zinamwishia aliita mashahidi wawili, akatamka kwamba ameuweka wakfu kwa sharti moja: upasue viunza, zile mbao za kufunikia mwanandani, kwa ajili ya kila maiti wa Kiislamu wa mji huu, bila ya malipo. Lilikuwa sharti la mtu aliyekwisha kuyaona mengi makaburini. Mauti hayapigi hodi. Maiti huletwa alasiri, jua linakaribia kuzama, na mfiwa hana moyo wala wakati wa kubishania bei ya mbao.

Mzee alipofariki, tulilitunza sharti lake mwaka mmoja. Kisha tukateleza. Alikuja mchimbaji mdogo kutoka Geita akitaka kuukodi kwa majuma mawili ili akate matimba ya duara lake. Hatukukubali kwa tamaa tu. Sisi wa kanda hii hatujasahau Januari 2017, watu 15 walipofukiwa katika mgodi wa RZ huko Nyarugusu, wakakaa ardhini siku kadhaa kabla ya kuokolewa wakiwa hai. Tuliambizana kwamba timba imara ni uhai wa mtu, na kwamba fedha ya kodi itanunua mikeka. Nia ilikuwa njema na hoja ilikuwa nzuri, lakini msumeno haukuwa wetu wa kuutolea hoja. Mafakihi wamefundisha kwamba sharti la mweka wakfu hufuatwa maadamu halipingani na sharia. Sisi tuliosomeshwa jambo hilo chuoni tukalisahau siku tulipohesabiwa noti mezani.

Ulirudi kabla ya majuma mawili kwisha, kamba ya kuwashia haivutiki hata kidogo. Tuliuweka stoo, tukafunga mlango, na kwa miaka minne viunza tukawa tunavinunua kwa mchango wa haraka haraka, maiti akisubiri.

Aliyetuzindua ni mjane wa mzee. Alikuja baada ya Swala ya Ijumaa, akaketi barazani, akauliza kwa upole, "Wanangu, chombo cha marehemu kimelia lini mara ya mwisho?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Basi kama hamkiwezi niambieni, nitauza mbuzi wangu nikitengeneze mimi." Tuliona haya. Jioni ile ile kamati ilikaa na kukata shauri la mambo mawili: msumeno utatengenezwa, na gharama haitatoka katika sanduku la msikiti bali mifukoni mwa wanakamati walioukodisha.

Tuupeleke wapi? Huo ni msumeno wa kizamani, Stihl 070, kazi ya kampuni iliyoanzishwa na Andreas Stihl mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 106, pistoni ina kipenyo cha milimita 58, na cheche yake bado inatokana na platini, si kifaa cha kielektroniki. Ni mzito na una kelele, wala hauna breki ya kuusimamisha mnyororo. Hata hivyo wapasuaji wa nchi za joto wameupenda kwa miaka mingi, kwa sababu hupasua gogo gumu bila kuchoka na kila nati yake hufunguka kwa spana ya kawaida.

Fundi wetu wa Shinyanga mjini aliufungua mbele yetu. Upande mmoja wa pistoni ulikuwa umechubuka na alumini imeganda kwenye ukuta wa silinda. Akatuuliza, "Katibu, huko kwa wachimbaji walitia mafuta gani?" Tulipopiga simu, mkodishwaji alijibu bila kuficha kwamba alitia petroli tupu, kwani petroli ni petroli. Hatukuweza kumlaumu peke yake. Sisi tulimkabidhi chombo na hatukumkabidhi elimu yake. Injini ya namna hii haina hodhi la oili chini kama ya gari. Oili yake pekee ni ile inayochanganywa na petroli ndani ya tangi. Kwa msumeno huu, ukitumia oili ya kawaida ya injini za mipigo miwili, kipimo ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani mililita 200 katika lita 5. Ukiikosa oili hiyo, chuma husaga chuma mpaka vishikane.

Habari njema ilikuwa kwamba fundi alipoiondoa ile alumini kidogo kidogo kwa uangalifu, ukuta wa silinda ulionekana mzima. Tulihitaji pistoni na ringi zake, sili za pande mbili za kranki, ngozi ya kabureta iliyokuwa imekakamaa, na platini mpya. Sili tulidhani ni kitu kidogo, lakini fundi alitueleza kwamba zikichoka huingiza hewa, mchanganyiko wa mafuta ukapungua nguvu ya kulainisha, na pistoni mpya ikaungua kama ile ya zamani. Mwenye kutibu jeraha na akauacha mwiba ndani hajatibu.

Kutafuta vipuri vya msumeno wa zamani ni mtihani, na ugumu wake si wa kukosa. Madukani vimejaa. Ugumu ni kujua kipi ni cha kweli. Katika mji mmoja wa kanda hii tuliuziwa pistoni ndani ya boksi safi lenye maandishi ya kampuni mama, kwa nusu ya bei tuliyoitarajia. Tulifurahi, tukamharakisha fundi. Msumeno uliwaka siku ya kwanza, ukapasua gogo moja na nusu, ukafifia. Fundi aliushika kwa kamba ya kuwashia akauacha uning'inie, nao ukashuka kama ndoo kisimani. Alieleza kwamba injini yenye mgandamizo mzuri haishuki hivyo. Ringi zilikuwa laini na zimekwisha kupoteza mkunjuko wake. Muuzaji alipoambiwa alikana kwamba hakutuuzia yeye, nasi hatukuwa na risiti. Tulirudi na hasara, tukailipa wenyewe.

Tangu hapo tulijifunza subira ya mafundi. Kipuri hupimwa kwa venia kabla ya kulipiwa. Ringi huingizwa peke yake ndani ya silinda, ukatazamwa upana wa mwanya uliobaki kati ya ncha zake, kabla ya kufunga kitu chochote. Kipuri cha zamani hakitupwi mpaka kipya kimelinganishwa nacho kando kwa kando. Na risiti huombwa hata kwa ndugu wa kuzaliwa, kwani kuandikiana si kutoaminiana.

Tuliuliza Mwanza, tukaagiza mtu aulize Gerezani, Kariakoo. Mwishowe jibu lilitoka Mafinga. Mwenzetu tuliyesoma naye chuoni anasomesha huko, karibu na msitu wa Sao Hill, mahali ambapo misumeno ni mingi kama majembe yalivyo kwetu. Alimpata fundi mtu mzima aliyekuwa na pistoni ya kampuni yenyewe, iliyokaa kabatini muda mrefu tangu mteja wake aliyeiagiza ahame. Ilikuja kwa basi ndani ya kopo la maziwa, imefungwa kwa kitambaa na kupakwa grisi. Fundi wetu aliipima, akaigeuza, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Sili, ngozi ya kabureta na platini zilipatikana Mwanza. Bushi moja iliyolika alituchongea fundi wa kukereza chuma ambaye riziki yake ni makarasha ya wachimbaji.

Watoto wa nyumbani wanaotusomea ukurasa huu tuwape zawadi. Meno ya mnyororo wa kisasa yana asili ya kushangaza. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, alimtazama funza wa mbawakawa akitafuna kisiki kigumu, akigeuza taya zake kushoto na kulia. Akaiga. Mwaka uliofuata akaanza kuuza mnyororo wenye meno yanayokata pande mbili kwa zamu, na minyororo ya leo inafuata njia hiyo. Mwanadamu mwenye akili alisomeshwa na funza asiye na macho ya kuonea fahari.

Leo msumeno unalia tena, kwa masharti yaliyoandikwa na kubandikwa ukutani. Haukodishwi. Mchanganyiko wa mafuta hufanywa na mtu mmoja aliyefundishwa. Kwa kuwa hauna breki, hashiki kijana, na anayeushika huvaa kofia ngumu, viatu vya ngozi na kinga ya macho, akiwa na mwenzake karibu. Hukata mikaratusi ya kiwanja cha msikiti tuliyoipanda sisi, kwa kibali, na kila unaokatwa hupandiwa mitatu. Watu wa Shinyanga wanajua gharama ya ardhi tupu. Ilibidi mradi wa HASHI uanzishwe mwaka 1986 ndipo ngitili za wazee wetu zianze kurudi.

Viunza vya kwanza havikukaa stoo hata juma moja. Aliletwa kijana kutoka machimboni, kipande cha kitambulisho mfukoni, jina la Kiislamu, na hapana ndugu aliyepatikana. Alasiri ilikuwa imeingia. Hapakuwa na mchango wala mtu wa kuulizana bei. Tulimzika kabla ya Magharibi, na mbao zilitosha. Mjane wa mzee alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama msumeno umesafishwa baada ya kazi. Tulirudi stoo tukausafisha.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mzazi akiwa hai muulizeni zana zake anazitakia nini, mkaandike na mashahidi wakiwapo. Ikiwa ni mirathi, igawanywe kwa haki yake. Ikiwa ni wakfu, sharti lake lisomwe kila mwaka mbele ya kamati mpya, maana wanakamati hubadilika na sharti halibadiliki. Allah atusamehe tulipoteleza, na amrehemu mwenye msumeno. Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.